Rejeta ya Bi Mkubwa

Sheria imewapendelea waliokufa: mke akifa, akili na sauti yake huhamishiwa kwenye kompyuta, na zamu yake kwa mume iko palepale. Jumatatu na Jumanne ni za Mwanahawa, bi mkubwa.

Leo mume wetu Shomari kamnunulia rejeta mpya ya kupozea maji ya kompyuta yake, kubwa mara mbili ya ile ya zamani. Kisha akang'oa feni ya chumbani kwangu, akamfungia yeye.

"Mwenzio anapata joto, Tausi," akaniambia.

Na mimi ninayelowa jasho je? Alipokwenda kuswali adhuhuri, niliigeuza feni impulizie joto lake mwenyewe.

Sauti ya Mwanahawa ikatoka kwenye spika, tulivu kabisa.

"Irudishe ilivyokuwa, mdogo wangu. Rejeta hii Shomari kaagiza ya wake wawili."