Blenda ya Mwajabu

Siwema ndiye aliyemtetea Mwajabu kikaoni. Wanachama walilalamika kwamba mweka hazina wao amezifungia fedha za chama mwaka mzima katika benki ya sokoni, wakati benki ya jirani inatoa riba maradufu.

"Shoga yangu amechagua usalama," Siwema aliwaambia. "Nendeni mkamtake radhi."

Yeye akatangulia kumpa pole. Mwajabu akamkaribisha, akaingia jikoni kumtengenezea juisi ya pasheni, na mara kukasikika mngurumo. Siwema akainuka akamsaidie kubeba gilasi. Mlangoni akasimama. Blenda ilikuwa mpya, na ubavuni ilikuwa na nembo ya benki ile ya sokoni.

"Walikupa?"

"Humpa kila anayefungua akaunti ya muda maalumu," alisema Mwajabu bila kugeuka. "Zawadi tu."

"Na ile nyingine?"

"Ile haitoi kitu."

"Inatoa riba, Mwajabu. Ya watu wote."

Mwajabu akazima blenda. Akamimina gilasi ikajaa pomoni, akamkabidhi.

"Kwani wewe ukija hapa hunywi?"

Siwema akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Hapo zikasikika sauti za akina mama uani, za upole, za watu waliokuja kujishusha.

"Hodi, mweka hazina."

Mwajabu akavua mtandio wake, akaifunika blenda, kisha akamtazama Siwema.

"Karibuni," akaitikia.

Povu la juisi lilikuwa likimtiririkia Siwema vidoleni.