Maji ya Wageni

Zama hizo kila marehemu aliwaachia wafiwa chupa ya sauti yake, na aliyeonja alimsikia akisema naye. Shomari alimwachia mkewe Tunu mililita hamsini, za asilimia nane. Ikishuka chini ya mbili, sauti hufa.

Arobaini ilipofika, Tunu alitoka jikoni akakuta chupa tupu na jagi limejaa.

"Mama, umefanya nini?"

"Wageni wengi, mwanangu," alijibu mavyaa wake, Bi Kidawa. "Mchuzi usipotosha, si huongezwa maji? Shomari alikuwa mkarimu, nimfanye mchoyo leo?"

Jagi lilisoma mililita mia nne. Hamsini mara nane, gawanya kwa mia nne: asilimia moja. Tunu alirudia hesabu akiomba awe amekosea. Hakukosea, na kuyachemsha yapungue haikufaa, maana moto huiua sauti.

Wageni walionja, wakafumba macho. "Anasema vizuri, Mungu amrehemu," walisema kwa adabu.

Bi Kidawa alionja mwisho, akatega sikio muda mrefu.

"Kwangu amenyamaza. Kaninunia?"

Tunu akaonja naye. Maji matupu.

"Anakusalimu, mama. Anasema ahsante kwa kuwagawia watu."

Bi Kidawa akatabasamu, akasogeza kikombe. "Basi nitilie tena, labda sasa ataniambia mwenyewe."