Dume la Ng'ambo

“Meli tena!” Mtaalamu wa nyangumi alivua hedifoni akazibwaga mezani. “Asubuhi yote meli. Ya mafuta, ya makontena, ya sijui nini. Hivi hawa hawana kwao?”

“Kwao ndiko wanakokwenda, shemeji,” alijibu mdogo wa mumewe, fundi wa mitambo wa kituo kile cha pwani, huku akimenya waya kwa meno. “Tena kwa njia ya mkato.”

Hapo ndipo palipomuuma. Njia yenyewe ya mkato ilikuwa mlango mwembamba wa bahari, mbele ya dirisha lao, na zamani meli hazikuthubutu kuusogelea. Kila baridi ilipokolea, barafu iliifunga bahari ya kaskazini. Nyangumi ni kama mimi na wewe, akikosa pa kuvutia pumzi anakufa, kwa hiyo walikimbilia kusini kupitia hapo, makundi kwa makundi. Siku hizi barafu inachelewa, na ikija ni nyembamba kama utando wa maziwa. Nyangumi wanabaki huko juu mpaka wajisikie, au wanapita wanakojua wenyewe. Meli nazo zimeona mwanya, zimejaa tele.

Sasa kamati ya bandari ilitaka kuzifungulia njia rasmi, mwaka mzima. Kizuizi kilibaki kimoja tu: ikithibitishwa kwamba kuna nyangumi anayeutumia mlango ule, hata mmoja, meli zitasimamishwa msimu wote wa uhamaji. Hata mmoja! Na mtaalamu, aliyewapa wanyama wale ujana wake hadi mumewe akazoea kula peke yake, alikuwa hajasikia hata huyo mmoja.

Mpaka alipoamua kuwaita.

Alikuwa na sauti ya jike aliyoirekodi miaka ile ya barafu nzuri. Wakazamisha spika majini, wakaipiga sauti hiyo. Kimya. Wakarudia mpaka fundi akachoka kubonyeza. Halafu, kutoka upande wa pili wa mlango, sauti nzito ikajibu. Dume! Mtaalamu alilia bila aibu, na shemeji yake akasingizia mafua.

Tangu hapo dume alijibu, lakini kwa mikogo. Adhuhuri hasikiki. Jioni ndiyo kabisa.

“Nyangumi gani huyu asiyehama?” fundi aliuliza. “Yuko palepale, anasema lilelile.”

“Na mwenyekiti wa kamati je? Si naye yuko palepale, anasema lilelile? Mbona yu hai?”

“Si uwapigie wenzako wa kituo cha ng'ambo, uwaulize kama nao wanamsikia?”

“Wale?” Macho yalimtoka. “Wale waliotanguliza majina yao kwenye kazi yangu? Niwaambie nina nyangumi, kesho waseme ni wao? Thubutu!”

Fundi akarudi kwenye waya zake. Aliyekaa na mashemeji anajua pa kunyamaza.

Siku ya kura, mwenyekiti akapiga simu.

“Rekodi uliyotuma hatuipokei,” alisema. “Rekodi hata mimi naweza kuipika jikoni kwangu. Wajumbe wanataka kumsikia mubashara. Sasa hivi, kabla hatujapiga kura.”

“Mwenyekiti, nyangumi si mtangazaji wa redio.”

“Basi tupige kura?”

Mtaalamu akaziba simu kwa kiganja, akamtukana mwenyekiti tusi ambalo shemeji yake hakujua kwamba analijua. Kisha akaiweka simu mezani, karibu na spika iliyotoa sauti za baharini. Fundi akahakikisha maiki yao imezimwa. Spika ile ya majini ilitengenezwa kwa ajili ya kuongea na wazamiaji, na siku moja alijisahau akawatangazia samaki umbeya wa ukoo mzima.

Akabonyeza. Sauti ya jike ikaenda.

Hakuna kitu. Mngurumo wa meli, basi.

“Mama,” mwenyekiti alikohoa, “tuna ajenda nyingine.”

“Subiri!” Hakuwahi kumpigia kelele mtu yule. Alikuwa ameinamia spika, ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kazi yake yote ilikuwa imeishia hapo, kwa mnyama mmoja mwenye mikogo. Akanong'ona, “Jibu, baba. Nakuomba. Leo tu, jibu.”

Na dume akajibu.

Sauti ilipanda taratibu, nzito, ndefu, mpaka vijiko vikalia ndani ya vikombe. Kwenye simu viti vilisikika vikisogezwa, mtu akasema, “Mungu wangu!” Mwenyekiti mwenyewe alipozungumza tena, alizungumza kwa upole.

“Ndiye huyo?”

“Ndiye.” Mtaalamu alijifuta uso kwa mkono wa sweta. “Haya, nani bado anasema hawapo? Aseme nimsikie!”

“Hapa hakuna,” alisema mwenyekiti. “Mama, naona umeshinda. Wajumbe, mikono juu kwa wanaotaka meli zisimame.”

Fundi, kwa furaha, akabonyeza tena. Jike akaita kwa mara nyingine, na wote wakatega masikio, wa huku na wa huko, kumsubiri dume.

Dume akapiga chafya.

Halafu kutoka kulekule baharini, sauti ya mwanamume ikasikika waziwazi, ikitetemeka kwa furaha: “Kimya, jamani, kimya! Yule jike wa ng'ambo kajibu tena!”