Kichwa cha Persida

Persida alikuwa wa mwisho kuingia mtoni asubuhi ile ya ubatizo, na kanzu yake nyeupe ikatanda juu ya maji kama ukungu. Chini ya kitambaa cha kichwa alikuwa ameficha mfuko wa nailoni. Nywele zake zilisukwa siku mbili mfululizo, na hakuona sababu ya kuziharibu kwa jambo la dakika moja.

"Umeacha yote?" mchungaji akamuuliza.

"Nimeacha."

Akazamishwa. Huko chini wimbo wa kwaya ulisikika kwa mbali, kana kwamba waimbaji wamelala, na maji yakampapasa kisogoni taratibu yakitafuta pa kuingilia. Persida akaubana mfuko kwa vidole viwili mpaka alipoinuliwa.

Alikuwa amemsahau Mama Dorika, mzee wa kanisa, aliyesimama ukingoni na taulo begani. Ndiye aliyemfuta kichwa kila aliyebatizwa katika mji ule, tangu enzi za mama yake Persida. Akakifungua kitambaa, akauona mfuko, akautoa polepole. Akaliinua taulo, kisha akalishusha.

"Mwanangu," alinong'ona, "sina cha kufuta."

Kwaya ilikuwa imenyamaza. Mchungaji alikwisha kupanda ukingoni, akikamua mikono ya joho lake. Persida akageuka kuutazama mto. Kila mahali maji yalikuwa yametulia, isipokuwa pale alipozamishwa, ambapo duara moja dogo lilikuwa bado halijajifunga.