Ua Lililofungwa Uzi

"Ua langu halichanui mpaka nitoe ruhusa!" Msellem aliwatambia majirani, kana kwamba jua nalo ni mpangaji wake. Lilikuwa yungiyungi la bustanini, la aina ambayo ua lake huishi siku moja tu: asubuhi hufunguka, magharibi hunyauka. Mama yake ndiye aliyelipanda. Kesho angetoka hospitali, alale nyumbani usiku mmoja kabla ya kupelekwa mbali kupasuliwa moyo, na aliomba kitu kimoja tu, alione limechanua.

Leo asubuhi tumba la pekee likaanza kufunguka.

Msellem akaliwekea mwavuli lisipate jua, lingoje kesho. Wapi! Likazidi kufunguka. Mwisho akazibana petali kwa vidole, akazizungushia uzi mara saba, akapiga fundo, jasho likimtoka kama anayefunga mbuzi mkorofi.

"Wewe! Unalishona?"

Mama alikuwa langoni, mkoba mkononi. "Madaktari wameamua nisafiri leo. Gari linanisubiri hapo nje."

"Nilikuwa nakuhifadhia, mama."

"Haya, lifungue basi nilione." Akaketi chini, juani, akakunja miguu.

Msellem akainama kutafuta ncha ya uzi. Fundo lilikuwa dogo kuliko kucha zake, na petali zilikwisha kulowa jasho la vidole vyake.