Mkalimani wa Mwanaanga

Sauti ilikatika mwanaanga alipomaliza sentensi ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya kushukuru kualikwa. Ya pili ilisema kwamba maisha ya angani yalimfunza mambo matatu. Baada ya hapo hedifoni za mkalimani zikawa kimya kabisa, na kule jukwaani mdomo wa mgeni ukaendelea kucheza.

Mkalimani akabonyeza swichi. Akachomoa waya, akauchomeka tena. Wapi! Akageukia mlango wa kibanda chake cha vioo, akakumbuka kwamba kitasa cha ndani kiling'oka zamani. Fundi mitambo alikuwa ameubana kwa nje ili kelele zisiingie, kisha akaenda zake kunywa chai. Vioo vyenyewe vilikuwa vinene, hata ukipiga ukunga humsumbui mtu.

Ukumbini walikaa wanafunzi mia tatu wa chuo cha ualimu, kila mmoja na hedifoni zake masikioni, maana lugha ya mgeni hakuna aliyeijua isipokuwa mkalimani. Mstari wa mbele, kakunja nne, alikaa bosi wake.

Mkalimani angeweza kusema tu, "Samahani, sina sauti." Ndivyo kazi inavyotaka. Tatizo ni kwamba mwezi uliopita alisema hivyohivyo mbele ya mawaziri, mkutano mzima ukasimama, mafundi wakahangaika robo saa, kumbe ni yeye mwenyewe hakuwasha swichi. Siku ile bosi hakugomba. Alimwambia kwa upole, ule upole unaotisha kuliko makelele, "Dada, siku nyingine ukiniambia huna sauti, mimi nitaelewa kwamba hutaki kazi."

Na kazi aliitaka kufa na kupona. Mama yake alikuwa kitandani mwaka wa nne sasa, kiharusi, na wawili hao waliishi chumba kimoja chenye dirisha moja. Ajira ya kudumu ingempa mama matibabu. Leo, baada ya hotuba hii, bosi alikuwa ameahidi kuamua: ajira, au kwaheri.

Sekunde tano zilishapita. Bosi akageuza shingo kutazama kibandani.

"Somo la kwanza," mkalimani akasema kwenye maikrofoni, jasho likimtiririka mgongoni. Kisha akakwama. Mambo ya angani atayatoa wapi, yeye ambaye hata ndege hajapanda? Lakini kukaa kwenye kijumba kidogo siku nenda siku rudi, pasipo pa kutokea, hilo hakuna wa kumfundisha.

"Ukifungiwa mahali, usihesabu miezi. Kila asubuhi chagua kazi moja ndogo, uimalize. Mimi nilikuwa nakunja blanketi. Basi. Nikishakunja blanketi, najua leo nimeishi."

Vichwa vikainama, kalamu zikaandika.

Jukwaani, mwanaanga alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili. Hakuwa na karatasi hata moja. "Kule usiposhikilia kitu, unaelea," mkalimani akadakia, na ukumbi ukacheka. Mwanaanga akashtuka. Akawatazama, akaanza tena.

"Somo la pili. Mwenzako mliyefungiwa naye atakuudhi. Atakuudhi anavyokohoa, atakuudhi anavyotafuna. Nawe utamtolea neno baya, halafu huna pa kwenda kuficha uso wako. Omba radhi kabla ya kulala, hata kama ni yeye aliyeanza."

Jana yeye mwenyewe alimfokea mama yake kwa sababu ya maji yaliyomwagika shukani, na radhi hakuomba.

Mwanaanga akanyoosha kidole kuelekea mlango wa pembeni. Akakinyoosha tena. Mkalimani akaona lazima aseme kitu. "Kila siku niliutazama mlango wa chombo. Hatua moja tu, niko nje. Lakini huko nje hakuna hewa." Msichana mmoja wa mstari wa tatu akatoa leso.

Sasa mgeni alikuwa ameweka mkono kifuani, macho yamelowa, akimtazama mkalimani moja kwa moja, midomo ikienda mbiombio. Huyu mama anaongea kutoka moyoni, mkalimani akawaza, na aibu ikamchoma. Mtu kafika huko kote, karudi na maneno ya thamani, na yeye anayatupa jalalani na kuweka ya kwake ya chumbani.

"La tatu, na la mwisho," akasema, akitaka yaishe. "Mnaniona shujaa. Mimi kuna siku nilijibanza kwenye kona nikalia, halafu nikatoka najikaza kisabuni ili mwenzangu asijue. Msiige. Ukizidiwa, sema umezidiwa. Asanteni."

Watu mia tatu wakasimama. Makofi yao aliyaona tu, hakuyasikia.

Mlango ukafunguliwa. Fundi mitambo alikuwepo na kikombe chake, na mbele yake bosi, macho mekundu. "Dada, umeniliza! Mimi! Kesho asubuhi njoo usaini mkataba wako."

Mkalimani alitaka kufurahi, akashindwa. Alijiona kama mwizi aliyeshangiliwa.

Mwanaanga naye alikuwa anakuja, akipenya katikati ya wanafunzi waliotaka kupiga naye picha. Alipofika akaukamata mkono wa mkalimani. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Bosi akasimama kati yao akichekelea, haelewi neno.

Heri aseme ukweli, mkalimani akaamua. "Mama, nisamehe," akaanza kwa lugha ya mgeni, "yale niliyosema—"

Mwanaanga akamkatiza, sauti ikitetemeka. "Nimewaambia mara kumi kwamba nimesahau kila kitu, kifua kinanibana, naomba mtu yeyote anitoe pale. Mbona walikuwa wananipigia makofi?"

"Eti anasemaje?" bosi akauliza, uso mzima tabasamu.