Moja ya Maalim

Skrini ya seva ilisema diski ya kwanza imekufa. Lakini ile yenye kibandiko cha moja, kulia kabisa, taa yake ilikuwa ya kijani, na Salha, fundi wa kompyuta, alipoigusa aliikuta ina joto, ikitetema kama kifua cha paka.

“Skrini yaongopa. Wewe chomoa tu, mwanangu,” alisema Bwana Kheri, msimamizi wa redio.

Salha alisita. Ikifa diski moja kati ya zile nane, mashine huvumilia. Akichomoa nyingine iliyo nzima, rekodi zote za redio zitapotea, pamoja na sauti za waliokwisha kuzikwa.

“Vibandiko alivibandika nani?”

“Marehemu Maalim Shee. Alikuwa akisomesha Kurani kabla hajaja kwetu.”

Salha akacheka kidogo. Maalim alihesabu kuanzia kulia, kama anayefungua msahafu! Basi moja ya mashine ni ile yenye kibandiko cha nane, kushoto kabisa, ambayo taa yake ilizimika na wote wakadhani ni taa tu iliyoungua.

Akaishika. Chumba cha pili, redio ilikuwa ikirusha kasida kutoka seva hiyohiyo. Akavuta.

Msomaji wa kasida akanyamaza. Wakasimama wote wawili, wakingoja kujua kama alikuwa akivuta pumzi tu kati ya beti.